Mbu wa Matairi ya Mzee Ngongo

Bandari ya Kalundu asubuhi ile haikuwa na pa kukanyaga. Wapagazi wanagombania mizigo, dagaa wa ndagala wanashushwa, na Chadia, kitenge chake cha njano kimemkaa hasa, anamkuta kijana wa watu ameingiza kichwa kizima ndani ya tairi la baba yake. Mzee Ngongo, baba yake Chadia, alikuwa akiwauzia wenye maboti matairi ya zamani wayafunge ubavuni.

"Weye, umepoteza nini humo?"

"Natafuta mbu."

"Mu Uvira yote umekosa mbu? Lala bila chandarua, watakutafuta wao."

Kijana huyo, Tariki, alicheka, akachota maji ya mvua, akamwonyesha viluwiluwi. Mbu wa hapa na mbu mgeni mleta homa aliyekuja na mizigo wanafanana, alisema, jicho linadanganyika. Ndiyo maana laboratwari anakofanya kazi inasoma ADN yao, chembe zao za urithi.

Kesho akarudi. Kesho kutwa tena. Usiombe mtu apendwe na mtafuta mbu, simu hailali.

"Mbu wenu wako wazuri."

"Mbu ao minye?" Chadia aliuliza, akijigusa kifua.

"Mbu nitawaonea wapi, na macho yote iko kwako?"

Majibu ya ADN yalipotoka, mbu mgeni alikuwepo, na wote waliopatikana walitoka uwanja wa Mzee Ngongo. Wateja wakaingia mitini. Thaddée, mkuu wa mtaa, akaamuru matairi yachomwe Jumamosi, baada ya salongo, kazi ya wote ya kufagia mtaa. Mzee hakuwa na riziki nyingine.

Kumbe Tariki alikuwa mpelelezi, Chadia alijiambia. Hakutulia. Alifagia palipofagiwa, akaitupa simu kitandani, akaifuata. Kilichomkera zaidi, bado alimpenda.

Ijumaa Tariki alipopiga tena, akapokea.

"Ulikuwa unafuata mbu ao minye?"

"Weye. Na ndipo nilipoharibu, Chadia. Kazi ilitaka nichote maji mu kila nyumba ya Kalundu. Minye nilirudi kwenu tu."

"Kwa majirani?"

"Sikugusa."

Chadia alisimama. Hasira na furaha vilimpanda pamoja.

"Basi usiniambie minye. Kaambie Thaddée, mbele ya baba."

"Watanifukuza kazi."

"Na sisi watatuchomea." Akakata.

Jumamosi mafuta yalikwisha kumwagwa kwenye tairi la kwanza. Chadia hakuondoa macho njiani. Tariki akatokea mbio, shati halijapigwa pasi.

"Chef, musichome. Yule mbu anaweza kuwa mu kila pipa ya hapa. Sikutafuta kwingine. Nilikuwa nakuja kumuona Chadia."

Watu walicheka mpaka wengine wakaketi. Thaddée aliweka kibiriti mfukoni, akasema nyumba zote zitapimwa kwanza, na yake pia.

Mzee Ngongo hakucheka. "Siku zote niko nakupa kiti, nikizani unasoma mbu?"

"Samahani, baba."

"Nani baba yako? Leta wazee wenu, ndiyo uniite hivyo. Na kwanza mwaga maji yote mu matairi yangu."

Tariki akainama. Chadia akashika upande wa pili wa tairi.

"Kazi wakikufukuza?"

"Nitauza matairi."

"Basi shika vizuri," alisema. "Iko nzito."