Suha na Vitunguu vya Bi Shinuna

Kijijini kwetu, chini ya milima ya Omani, ukimuuliza mtu bei ya chumvi akakujibu habari za mbuzi wake, unamwambia: "Nakuonyesha Suha, unanionyesha mwezi." Hata watoto wanaogombania tende husemezana hivyo.

Kila siku kabla ya adhana ya alfajiri, Raya alikaa ukingoni mwa mfereji akingoja nyota inayoonyesha zamu ya maji imebadilika. Ikichomoza juu ya ukuta wa msikiti, aliziba maji ya Bi Shinuna, mjane, kwa jiwe na matambara, kisha akayafungulia shamba la babu yake, Mzee Humaidi. Kazi ya kugawa maji ilikuwa ya mzee huyo. Enzi zake alimwona nzi akinawa mikono kileleni mwa mlima. Nilikuwepo, na nzi mwenyewe hakukana. Magoti yalipomgomea, akamrithisha mjukuu wake wa miaka kumi na miwili.

Raya hakuona nyota. Aliona ukungu. Kwa kuogopa kunyang'anywa kazi, akawa anakisia.

Siku moja Bi Shinuna alisimama mbele ya wanaume waliokuwa wakinywa kahawa. "Humaidi, mjukuu wako ananikatia maji mapema. Majani ya mbuzi wako yananenepa, vitunguu vyangu vinakauka."

"Macho ya Raya ni macho yangu, Shinuna. Naapa."

"Basi kayaoshe na hayo yako."

Wanaume wakamcheka mpaka akaondoka. Vitunguu vikafa vyote.

Kiapo kile kikamkosesha mzee raha. Jioni moja, baada ya magharibi, akamwita Raya uani.

"Suha iko wapi, mjukuu wangu?"

"Ile pale, Babu, juu ya mlima. Inang'aa sana."

Mzee akamkalisha karibu naye. "Suha ni nyota ndogo, imejibanza kwa mmoja wa mabinti wanaofuata jeneza la baba yao, zile nyota saba. Msimu huu hawatoki mpaka usiku mkubwa. Pale juu pana mwezi tu, Raya. Wazee walipima macho kwa Suha. Asiyeiona akaonyesha kinachoonwa na kila mtu. Msemo ule ulitokea huko. Nimewacheka watu kwa msemo huo miaka yote, leo umenifuata nyumbani."

Raya akalia, akasema kweli yote.

Walikwenda kwa Bi Shinuna pamoja. Mzee akamwachia zamu yao ya maji msimu mzima.

"Nimepokea," alisema mjane. "Na huyu mtampeleka hospitali, atapata miwani. Vitunguu vyangu vitapewa nini?"



Raya alipata miwani. Alfajiri ya kwanza aliiona Suha, ndogo kama chembe ya chumvi. Kulipokucha akayaona matuta ya Bi Shinuna, makavu, mpaka mwisho wa shamba. Akamsalimia mjane aliyekuwa akipita. Hakuitikiwa.

"Babu, hatanisamehe?"

"Hilo ni lake," alisema Mzee Humaidi. "Lako ni hili: kutoona si aibu, mjukuu wangu. Aibu ni kusema unaona, na maji ya mwenzako yamo mkononi mwako."