Mgeni Asiyesema Asante

Walikuwa wawili tu barazani mchana huo, Hilario Zubeldía na mkewe Nélida, ingawa viti vilikuwa vitatu. Nélida alimimina maji ya moto kwenye kibuyu cha mate, yale majani machungu tunayokunywa kwa mrija, akakinyoosha mbele bila kutazama kwa kuwa macho yake yalikuwa kwenye birika, na kibuyu kikapokelewa. Akasikia mrija ukifyonzwa mpaka ule mlio wa mwisho, mlio wa kinywaji kilichokauka, kisha kibuyu kikarudi mkononi mwake. Alipoinua macho alimwona mumewe kule mwisho wa baraza, amempa mgongo, anapekua rafu akitafuta miwani.

Alijiambia ni joto, akamimina tena.

Na kweli joto letu husingiziwa mambo mengi. Mji wetu wa Santiago del Estero ukishapata chakula cha mchana unakufa. Milango inafungwa, mbwa wanajichimbia mashimo chini ya mzabibu, na hata padri hakubali kuzika mtu saa hizo. Akina mama huwaambia watoto kwamba saa ya siesta, usingizi huo wa mchana, ina wenyewe, na atakayezurura juani atakutana nao. Watu wa Buenos Aires wanatucheka, wanasema mtu wa Santiago huzaliwa amelala na huamshwa siku ya kuzikwa tu. Utani huo sisi tunausikiliza tukiwa tumejinyoosha, wala hautupi taabu. Aliyeumia nao ni Hilario peke yake.

Baba yake alikuwa mshika bendera wa stesheni. Hilario alisoma kwa vitabu vya kuazima, akafika chuo kikuu Tucumán, akarudi kufundisha falsafa sekondari, akatoa vitabu viwili vyembamba ambavyo wanunuzi wavyo walikuwa shangazi zake. Tulimwita profesa na kumvulia kofia, maana mji mdogo ni mwepesi wa kumheshimu mtu ambaye haujasoma hata ukurasa wake mmoja. Wanafunzi walimsinzia darasani. Nélida naye, Mungu amsamehe, alikuwa akimsinzia mezani. Hilario alipofikisha miaka hamsini akaamua kwamba adui yake ni siesta. Kuanzia hapo nyumbani kwake halali mtu mchana. Yeye atakaa aandike, na mkewe atakaa naye ammiminie mate. Nélida alikubali kwa sababu alimpenda, na pia kwa sababu kubishana na mwanafalsafa kunachosha kuliko kukesha.

Tangu siku kibuyu kilipopokelewa, kalamu ya Hilario ikaanza kukimbia. Alikuwa akiandika, anasimama, anasoma kwa sauti ya chini akiwa ameelekea kile kiti kitupu cha ngozi ya ng'ombe, anafuta, anaandika tena. Kitabu kilichotoka kilisema kwamba kulala ni kujisalimisha, kwamba mtu anayefumba macho amewaachia wengine nyumba yake, na kwamba taifa zima la Argentina limefumba macho. Buenos Aires ikapigwa na butwaa. Mtu wa Santiago anahubiri kukesha! Wakamwita kwenye kumbi zao, wakamweka kwenye magazeti, wakambishia, wakamshangilia. Kikafuata kingine, na kingine tena. Sisi wa mtaani tulijivuna bila aibu, kisha baada ya chakula tukaenda kulala.

Nyumbani kwake mambo yalikuwa mengine. Kwetu kibuyu huzunguka kwa zamu, na anayepokea hasemi asante. Ukisema asante umemwambia mwenyeji kwamba umetosheka, naye hakupi tena. Usiposema, utaletewa mpaka birika likauke, na likikauka litajazwa. Yule wa kiti cha tatu hakusema. Kila mchana zamu yake ilipofika, mkono wa Nélida ulienda wenyewe, kibuyu kikachukuliwa kwa upole, mrija ukalia, kibuyu kikarudi kikavu na baridi ajabu. Wakati huo barazani palinuka udongo uliolowa mvua, ilhali mvua hatukuwa tumeiona tangu masika ya mwaka uliopita.

Kisha usingizi ukamhama Nélida. Kwanza alidhani ni mazoea ya kukesha mchana, akajilaza mapema jioni, akaamka hajalala. Akajaribu maziwa ya moto, akajaribu rozari, akajaribu vidonge vya daktari, na vidonge vikayakodoa macho zaidi. Hilario naye hakuwa akilala, ila kwake ilikuwa afya: shavu limejaa, hatua nyepesi, anapiga mluzi. Nélida alikauka. Aliunguza sufuria la locro, mchuzi mzito wa mahindi, mbele ya macho yake mwenyewe, amesimama na mwiko mkononi, anatazama moshi. Alianguka kwenye ngazi za kanisa. Shoga zake walipomuuliza ana nini, alisema kichwani mwake kuna taa ambayo hajui inazimiwa wapi. Daktari alimwambia Hilario faragha kwamba mwanamke huyu asipopata usingizi hatauona msimu wa mavuno ya zabibu.

Hapo ndipo Nélida alipoamua kusema. Alisema akiwa bado anamimina, midomo haichezi sana.

"Hilario, kile kiti kina mtu."

"Najua."

"Unajua? Tangu lini?"

"Punguza sauti. Tangu kile kitabu cha kwanza cha kukesha."

Nélida aliweka birika chini. Akamuuliza kama huyo ndiye anayemwandikia vitabu. Hilario alicheka kidogo, cheko la aibu, akasema hapana, kila neno ni lake.

"Yeye ananisikiliza tu," akasema. "Hujui utamu wake, Nélida. Umri wangu wote nimezungumza na watu wanaopiga miayo. Huyu hachoki."

"Anakunywa usingizi wangu."

"Acha nimalize sura ya mwisho ya kitabu hiki. Sura moja tu, mama. Halafu tutamtoa."

Nélida alikaa siku kadhaa na jibu hilo. Kilichomuuma hakikuwa jini. Kilichomuuma ni kwamba mumewe alikuwa amejua, na alikuwa amepiga hesabu, na katika hesabu hiyo yeye alikuja baada ya sura. Akajifunga kitambaa, akaenda kwa Doña Eduviges.

Doña Eduviges aliponya matumbo ya watoto kwa kuyapima na utepe, na macho ya husuda kwa mafuta kwenye sahani ya maji. Hakuwa na upole wowote. Alikuja saa ya siesta, na mwavuli, akilalamika njia nzima kwamba wenye akili wako vitandani. Alisimama mlangoni mwa baraza, akanusa, akakitazama kile kiti, akakiitikia kwa kichwa jinsi unavyomsalimu mtu usiyempenda kanisani. Kisha akawavuta mume na mke mpaka jikoni.

"Huyo ni mwenye adhuhuri," alinong'ona. "Msihangaike na maji ya baraka, hatayajali. Hakuvunja mlango. Mlimpa kibuyu mkononi, akakaa. Huyo ni mgeni."

"Mgeni anaondokaje?" Nélida aliuliza.

"Anavyoondoka mgeni yeyote aliyechokwa. Mpe mate baridi, ya majani yaliyokwisha ladha, na uendelee kumpa. Ana adabu kuliko jirani zako, ataelewa. Atasema asante." Akamgeukia Hilario, akamshika kifungo cha shati. "Akiinuka, mtu asimsindikize. Wewe hasa, profesa. Kwenu mna tabia ya kumfikisha mgeni getini na kuongea naye mpaka miguu inauma. Huyu aende peke yake. Atakayemfikisha getini amekuwa mwenyeji wake milele. Umenisikia?"

Hilario alisema amesikia. Nélida alimtazama, na akaona kwamba hakuwa akimtazama Doña Eduviges, alikuwa akitazama barazani.

Wakarudi barazani, wakakaa. Nélida alimimina maji ya mtungini juu ya majani ya jana, yale yaliyokwisha kupauka, akanywa ya kwanza yeye mwenyewe ilivyo desturi, yakampitia kooni machungu na matupu. Akampa mumewe, akampa Doña Eduviges aliyekunja uso, kisha akanyoosha mkono kwenye kiti cha ngozi. Kibuyu kikapokelewa. Mrija ukalia mara moja, ukanyamaza. Walisikia mbwa akigeuka chini ya mzabibu, na kibuyu kiliporudi kilikuwa kimejaa bado.

Akakirudisha. Mzunguko wa pili ile harufu ya udongo uliolowa ikawa nzito mpaka Doña Eduviges akaziba pua kwa ncha ya shali, na mzunguko uliofuata ngozi ya kiti ikaanza kulia polepole, jinsi inavyolia mtu mnene anapohamisha uzito kutoka paja hadi paja akitafuta namna ya kuaga, na jua lililokuwa nje ya baraza likaonekana kukaribia, likapanda ngazi, likafika kwenye miguu ya kiti na kukizunguka bila kukigusa, na Nélida, mkono umekufa ganzi, macho yanamwasha, anamimina, ananyoosha, anapokea, anamimina, hakuthubutu kusimama kwa sababu alijua kwamba akisimama sasa hataweza kuanza tena maisha yake yote, na maisha yake yote hayakuwa marefu. Na ndipo karibu kabisa na sikio lake, kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri miaka mingi, sauti laini isiyo ya mwanamume wala mwanamke, likasemwa neno lile.

"Asante."

Kiti kikalia mara ya mwisho, kikanyanyuka mbele kidogo, kikatulia. Na papo hapo Nélida alihisi usingizi. Ulianzia kwenye vidole vya miguu, ukapanda magoti, ukamjaa tumboni kwa joto ambalo alikuwa amesahau kwamba lipo duniani. Alitaka kucheka. Alifungua macho kwa nguvu ili amwambie mumewe, akamwona Hilario amesimama.

"Kaa," Doña Eduviges alinong'ona. "Profesa, kaa chini."

Hilario alikuwa amekusanya karatasi zake kifuani. Machozi yalikuwa yakimtoka bila kelele. Alimtazama mkewe, na hakuna anayeweza kusema hakumpenda, kwa sababu alimpenda.

"Sura haijaisha," alisema. Halafu, akijitafutia sababu ya heshima, akaongeza: "Tena si adabu, Nélida, kumwacha atoke peke yake."

Akashuka ngazi, akaingia juani, akitembea upande wa kushoto wa njia, amemwachia mwingine upande wa kulia. Doña Eduviges alijaribu kumdaka mkono akakosa. Nélida angeweza kumwita. Sauti alikuwa nayo, na jina alikuwa nalo mdomoni. Ila usingizi ulikuwa umefika shingoni na ulikuwa mtamu, na alijiambia atamwita sasa hivi, akipumzika kidogo tu, na kichwa kikaanguka mezani kando ya birika.

Alilala mpaka kesho yake mchana. Hilario hakuonekana tena. Polisi walitafuta msituni na kwenye mfereji, wakarudi wakisema joto humpoteza mtu. Buenos Aires iliandika maombolezo marefu, na mtaa wetu ukapewa jina lake. Hadi leo vijana wa chuo hushuka kwenye treni wamevaa suti nzito, wanaomba waonyeshwe kiti alichokuwa akiandikia, na Nélida, aliyerudi kunenepa na kuwa na rangi, huwaonyesha kiti chochote.

Hawaambii kuhusu mchana. Kwetu kuagana getini ni kazi ya muda mrefu. Mtu anashika komeo, anakumbuka jambo, anaachia. Kila saa ya siesta, mji ukishalala, Nélida akiwa amejilaza chumbani na dirisha limefungwa, huwasikia. Hilario ndiye anayezungumza, haraka haraka, kwa furaha, anasoma, anafuta, anasoma tena, mwingine husikiliza. Amewahi kuchungulia, akaona geti na jua tu. Ametamani mara nyingi kutoka na kumwita mumewe arudi ndani, amepika, kitanda ni kipana. Lakini anajua kwamba akimwita Hilario, hatapita mlangoni mtu mmoja tu.

Wiki iliyopita maneno yalikatika. Kisha ile sauti aliyoishi nayo miaka ishirini na tisa ikaita kwa uchovu, ikielekea dirishani kwake.

"Nélida. Mama, koo limetukauka. Weka maji jikoni."

Nélida aliketi kitandani. Aliteremsha miguu, akavaa viatu, akafika mpaka mlango wa chumba na kushika kitasa. Alikaa hapo akilia, maana alikuwa amemkumbuka sana. Kisha akarudi kitandani, akavua viatu, akavuta shuka mpaka kichwani, akalala.