Kikombe cha Saa Moja

Saa moja asubuhi na saa moja jioni, bila kukosa, Mwanasiti alimpelekea baba yake kikombe cha maji ya kumezea dawa. Baba huyo, Shamte, aliwahi kuwa mkwezi hodari wa minazi pale Kiegeani. Siku hizi alikuwa na figo aliyopewa na dada yake, Kidawa, na dawa za kumeza maisha yote.

Asubuhi moja Mwanasiti alikunja mkeka akakuta vidonge chini yake.

"Baba, hivi vya lini?"

"Vya juzi na jana," Shamte alijibu kwa aibu. "Dawa hizi zinanimaliza miguu, mwanangu. Ijumaa nilisujudu, ikabidi watu waniinue mbele ya msikiti mzima. Usimwambie shangazi yako."

Maskini Mwanasiti, siku hiyo darasani hakusikia lolote. Hakutaka kumwaibisha baba yake, lakini kila alipolikumbuka kovu la shangazi alitaka kulia. Aliporudi alimweleza shangazi kila kitu. Bi Kidawa hakugomba. Alichukua mtandio, akaita bodaboda, akampeleka kaka yake hospitalini Kilindoni. Mwanasiti alifuata na bodaboda ya pili.

Damu ilipimwa. Figo ilikuwa bado nzima.

"Una bahati," alisema muuguzi Getrude. "Ni kweli, baadhi ya dawa hizi hudhoofisha misuli. Lakini ndizo zinazozuia mwili usiikatae figo. Ukipata shida tuambie, daktari ndiye anayebadilisha kipimo cha dawa. Misuli nayo inataka kazi. Nyumbani unafanya nini?"

"Sifanyi kitu. Naletewa kila kitu, hata maji."

Mwanasiti aliinama. Maji aliyaleta yeye, kwa mapenzi.

Shamte alimnunia bintiye siku mbili nzima. Ya tatu alimwita amhesabie akiinuka kitini bila kushika kitu. Aliinuka mara nne, akaishia kuhema. Maji hakuletewa tena; aliyafuata mwenyewe, akamezea dawa zake.

Baada ya miezi miwili, Shamte aliwasalisha magharibi nyumbani. Aliposujudu, Mwanasiti alibana pumzi. Baba yake aliweka mikono magotini, akatetemeka kidogo, akainuka mwenyewe.

Walipomaliza, Bi Kidawa alimshika mpwawe bega. "Siri inayohatarisha uhai wa mtu haifichwi, hata akiomba baba. Na mgonjwa tukimfanyia kila kitu, tunamzidishia udhaifu."

Saa moja ilikuwa imefika. Shamte alirudi kutoka mtungini na vikombe viwili, kimoja akampa Mwanasiti.