Hodi kwenye Ukuta

Kati ya chumba cha tisa na cha kumi, ukuta ulikuwa mrefu mno. Jepchirchir aligundua hilo kwa miguu. Kutoka mlango hadi mlango ni hatua saba. Hapo zilikuwa kumi na nne.

Nyumba hiyo ya kutunzia wazee, nje kidogo ya mji wa Mansfield, Texas, zamani ilikuwa kambi ya jeshi. Kuta zake ni za mawe, nene kama urefu wa mkono. Madirisha ni membamba na yako juu. Korido imenyooka kutoka lango la tao hadi mwisho, ili sajini akisimama mahali pamoja aone milango yote. Walipaka rangi nyeupe na kutundika picha za maua, lakini jengo lilibaki la askari.

Jepchirchir, muuguzi Mkenya, hakuingia chumba cha mtu bila kubisha na kusema hodi. Ndivyo alivyolelewa. Wazee walilipenda neno hilo, naye akawafundisha jibu lake. Bi Earlene wa chumba cha kumi, mwenye miaka tisini na mmoja, hakujua neno jingine la Kiswahili. "Karibu," aliitikia kila mara, kisha akacheka.

Jepchirchir alikuwa mjane wa miezi mitatu. Mumewe, Kiplagat, alifia Houston, nyumbani kwa kaka yake mtaa wa Alief, Jepchirchir akiwa bado barabarani akiendesha kwenda kumwona. Hawakuagana. Alirudi kazini, lakini akili haikurudi naye. Siku hiyo alitoka chumba cha tisa, akapiga hatua saba, akabisha.

"Hodi."

Alikuwa amebisha ukuta mtupu.

Godefroid, fundi wa jengo kutoka Kongo, alikuwa juu ya ngazi akibadilisha taa. "Maman, hata ukuta unaipigia hodi? Itakujibu nini?"

"Fanya kazi yako, wewe."

Godefroid alicheka, halafu akaacha. "Lakini hapo ilikuwa mlango, maman. Niliona kwa ramani ya zamani. Walikuwa wanafungia askari hapo. Wakaziba na matofali. Haiandikwe kama walimutoa wa mwisho."

Kesho yake, saa tisa alasiri, wazee wakiwa wamelala, Jepchirchir alikuwa chumba cha dawa akipanga vidonge, na Godefroid chini ya sinki akikaza bomba. Ikaja harufu ya dawa ya viatu na ya blanketi lililolowa, ingawa mvua haikuwa imenyesha kwa wiki nyingi. Kisha mlango ukabishwa mara tatu, polepole.

"Hodi. Mama Kibet, hodi."

Kidonge kilimdondoka. Hakuna mtu Texas aliyemwita kwa jina la mwanawe ila mmoja.

"Nimekuja tuagane," sauti ikasema. "Nikaribishe."

Godefroid alitambaa akamshika kifundo cha mguu. "Usiitike," alinong'ona.

"Ni yeye."

"Tulimuzika, maman. Mimi nilibeba sanduku. Usiitike."

Jepchirchir akasimama pale, neno likiwa tayari kwenye ulimi, akijua kwamba akilitoa mlango utafunguka na atauona ule uso alioukuta umeshafunikwa shuka, na akijua vilevile, kama alivyojua tangu utotoni kanisani, kwamba aliyelala katika Bwana hasimami koridoni kuomba akaribishwe, mpaka machozi yakamfika kidevuni naye akauma kidole chake na kuomba kimoyomoyo, bila kufungua kinywa.

Hodi haikurudiwa. Harufu ikapungua.

"Asante Yesu," Godefroid akasema taratibu.

Ndipo waliposikia viatu. Vizito, vyenye soli za misumari kama vya askari, vikiondoka mlangoni. Jepchirchir akafungua, akachungulia. Korido ilikuwa nyeupe, imejaa mwanga wa mchana, na milango yote ilionekana, na hapakuwa na mtu, lakini viatu vilikwenda hatua kwa hatua, vikapita cha nane, vikapita cha tisa, vikaupita ule ukuta mrefu, vikasimama mbele ya cha kumi.

Mlango ukabishwa.

"Hodi," ikasema sauti. Haikuwa ya Kiplagat tena. Ilikuwa ya Jepchirchir mwenyewe.

Alikimbia huku akipiga kelele, "Usiitike, mama, usiitike," kwa lugha ambayo mzee yule alijua neno lake moja tu.

Ndani, Bi Earlene alicheka.

"Karibu," akasema.