Cha Nani Hiki?

Dhoruba ilivunja mlingoti mkuu, na kulipopambazuka manowari ilikuwa imeshazama pamoja na nahodha wake. Katika bahari yote ile ilibaki mashua moja, mabaharia wachache na Luteni Hosken.

Luteni alikaa nyuma, akaushika usukani na kuelekea mashariki, iliko pwani ya Afrika. Mabaharia walijibana mbele. Katikati palibaki ubao mmoja mtupu ambao hakuna aliyethubutu kuukalia. Ndivyo ilivyo manowarini: ofisa hasemeshwi mpaka aseme, wala hali chakula na mabaharia.

Biskuti walizigawa kwa desturi yao. Baharia Rudd alishika kipande na kuuliza, "Cha nani hiki?" Pengelly, msaidizi wa mpishi, aligeuza mgongo asione ukubwa wake, akataja jina, mara nyingi pamoja na utani. Hosken alikataa jina lake kutajwa. Yeye angechukua kitakachobaki. Mwanzoni kilibaki kipande kizima, halafu makombo. Mwishowe kikabaki kitambaa kitupu kilichofungia biskuti, naye akasema ameshiba.

Siku moja mkono wake uliteleza usukanini kwa njaa. Mashua ikageuka ubavu, wimbi likaingia, wakayakumba maji kwa kofia mpaka wakaishiwa pumzi. Kisha wakagawana chakula.

"Cha nani hiki?" aliuliza Rudd.

Pengelly alijibu, "Cha Ambrose."

Wakatazamana. Mbele hakukuwa na Ambrose.

"Nani amekwambia jina hilo?" aliuliza Luteni kwa sauti iliyokauka.

"Wewe mwenyewe, afande. Unajiita usingizini, kama mama anayemwita mwanawe aingie ndani asinyeshewe." Bado alikuwa amewapa mgongo. "Kula, afande. Ukifa, usukani atashika Rudd, na huyu hata jikoni hupotea."

Mtu mmoja alicheka, kicheko cha midomo iliyopasuka. Rudd akaja na kipande kile, akaketi kwenye ubao mtupu. Hosken alikula polepole, uso ameugeuzia baharini. Alipomaliza, Rudd hakuondoka. Aliweka mkono wake mzito kwenye usukani, kando ya wa Luteni.

Meli ya mizigo iliwaokota wakiwa hawawezi tena kusimama. Mabaharia walipelekwa chini, Luteni akakaribishwa mezani kwa nahodha wa meli hiyo. Kitambaa cha meza kilikuwa cheupe, kuku alikuwa wa moto. Sahani ikawekwa mbele yake, akaambiwa ale.

Hakuigusa. Aliinamisha kichwa, akingoja mtu ataje jina lake.