Mama Yake Kwenye Pazia Jeupe

Foleni ya tiketi ilianzia mlangoni mwa jumba la sinema, ikapita mbele ya duka la viatu, ikakata kona. Watu walikuwa wamemjia Mama Mkaidi, yule mwongozaji mzee aliyetengeneza filamu maisha yake yote bila kuipigia magoti kampuni yoyote. Alitumia kamera za kuazima na waigizaji waliokuwa majirani zake, na akiambiwa abadilishe jambo asilolitaka, alifunga begi akaondoka. Wiki ile filamu zake bora zilikuwa zinaonyeshwa kila alasiri, zimesafishwa zikawa kama zimepigwa jana.

Kwenye foleni hiyo alikuwepo binti mmoja mpima macho, amevaa gauni la kijani lenye mikunjo kiunoni. Hakuwa mtu wa sinema. Duka la miwani alikofanya kazi lilikuwa limefungwa mapema kwa kukosa umeme, naye hakutaka kurudi nyumbani na jua lote lile.

Akahisi anatazamwa. Pembeni alisimama kijana mwenye shati jeupe lililokunjwa mikono, kashika kikombe cha kahawa, macho yamemtoka kama aliyekutana na mzimu.

"Kaka, kiatu chako kinakunywa kahawa," binti akamwambia.

Kijana akatazama chini, akakiinua kikombe, lakini kiatu kilikuwa kimeshalowa. "Samahani, dada. Nilidhani tumewahi kuonana."

"Huo mstari hata babu yangu angeona aibu kuutumia."

"Sina mwingine."

"Basi nyamaza kwanza, utafute mzuri. Foleni ni ndefu."

Walipofika dirishani walikuwa wanacheka. Binti akajua kwamba yule kijana ndiye fundi aliyesafisha filamu zile, picha moja baada ya nyingine, akifuta ukungu na mikwaruzo. Yeye akamwita Fundi, naye kijana akamwita Daktari, ingawa binti alimweleza kwamba mpima macho si daktari.

Filamu ya siku hiyo ilikuwa ya mwanamke anayefagia stendi ya mabasi kabla jiji halijaamka. Hakuna aliyepigwa risasi, hakuna aliyekimbizwa. Fagio lilipita, vumbi likapanda kwenye mwanga, na ukumbi mzima ukatulia kana kwamba umeambiwa siri. Binti akajikuta ameshika mkono wa kiti kwa nguvu.

"Ni vumbi tu," akanong'ona. "Mbona nataka kulia?"

"Kampuni zilimwambia Mama Mkaidi sehemu hiyo aikate," Fundi akamjibu. "Akakataa, wakachukua taa zao. Ndiyo maana ule mwanga ni wa jua lenyewe."

Kesho yake binti akarudi, na kesho kutwa yake. Simu nazo zikaanza.

"Umekula?"

"Nimekula. Umeshaanza kunichunga?"

"Nauliza tu, mpenzi."

"Hilo jina la mwisho limetoka wapi?"

"Limeteleza."

"Liache lilipoangukia," binti akasema, akakata simu, akabaki anatabasamu mbele ya mteja aliyekuwa anangoja miwani yake.

Siku moja walipokuwa wanakunywa chai kwenye mgahawa uliotazamana na jumba la sinema, Fundi akamuuliza kuhusu mama yake.

"Alifariki nikiwa mdogo sana. Mama mdogo ndiye aliyenilea. Picha yake niliyonayo ni ya kitambulisho, ndogo kama ukucha, na uso umefifia. Huwa naitazama kwa lenzi za dukani, lakini haisaidii."

Fundi akakoroga chai yake muda mrefu, na haikuwa na sukari. Binti akadhani ni huruma.

Ijumaa ikafika zamu ya filamu ambayo wote walisema ni bora kuliko zote. Ilihusu msichana mfua nguo aliyekataa kuihama nyumba iliyokuwa inabomolewa. Taa zikazimwa, pazia likawaka, na msichana akatokea mlangoni na beseni la nguo.

Binti akasogea ukingoni mwa kiti.

Kidevu kilikuwa chake. Mwanya wa meno ulikuwa wake. Hata namna ya kusukuma nywele kwa kiwiko, maana mikono ina povu, ilikuwa yake mwenyewe. Lakini yule msichana alikuwa mkubwa kama ukuta wa nyumba, na mbichi, na anaishi. Jasho lilimng'aa shingoni. Akafungua mdomo, akasema, "Mimi sihami," na kwa mara ya kwanza tangu apate akili, binti akaisikia sauti ya mama yake.

Machozi yalimtoka bila kwikwi. Akageuka amshike Fundi mkono, na hapo akamwona. Fundi hakuwa anatazama pazia. Alikuwa anamtazama yeye, na usoni pake hapakuwa na mshangao hata kidogo.

"Ulijua," binti akasema polepole.

"Nilitaka kukuambia."

"Tangu kwenye foleni ulikuwa unajua. Hukuniona mimi. Ulimwona yeye."

Akachukua mkoba wake, akatoka filamu haijafika hata katikati.

Jioni ile simu iliita mpaka ikachoka. Alipoipokea hatimaye, Fundi hakujitetea.

"Nilikosea. Nilijua msichana wa filamu alifariki akiacha mtoto mdogo, kwa hiyo uliponieleza habari za mama yako ndipo nilipokuwa na hakika, na ndipo nilipotakiwa kusema. Nilidhani nakuandalia zawadi."

"Mtu hapewi mama yake ghafla gizani, katikati ya watu wasiomjua," binti akasema. "Na niambie ukweli. Umenipenda mimi, au umempenda yule uliyekaa naye ukimfuta ukungu?"

Fundi akamjibu moja kwa moja. "Uso wake ndio ulionisimamisha pale kwenye foleni, siwezi kukudanganya. Nimekaa naye miezi, namjua kila unywele. Lakini hajawahi kunijibu. Wewe neno lako la kwanza lilikuwa la kunicheka, na tangu hapo kila nikisikia jambo nataka nije nikuambie wewe kwanza. Basi."

Binti akaweka simu chini, akaenda kumkuta mama mdogo wake sebuleni, akamweleza alichokiona. Mama mdogo akakaa kitako.

"Baba yetu hakutaka kusikia habari za filamu," akasema. "Alichoma picha zote, akatukataza hata kuzitaja. Nilidhani na filamu hiyo imeungua." Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Anaongea humo?"

"Anaongea, mama."

"Kesho unipeleke."

Jumamosi filamu ilirudiwa. Mama mdogo alivaa gauni lake la zambarau la sherehe na viatu vya kisigino, kana kwamba anaenda kupokea mgeni. Fundi alikuwa mlangoni, macho mekundu. Kando yake, kwenye kiti, alikaa bibi mwembamba mwenye suruali ya khaki. Alipomwona binti akasimama kwa shida.

"Mungu wangu," akasema Mama Mkaidi. Akamshika binti kidevu, akakigeuzia kwenye mwanga. "Kampuni ziliniambia nimwondoe mama yako, niweke mwigizaji wa kwenye magazeti. Nikawaambia hela zenu nendeni nazo. Niliimaliza ile filamu kwa miaka mitatu, kwa kukopakopa mkanda wa kupigia picha, kwa ajili yake tu." Akamtazama tena. "Mwisho wake utakapofika, angalia beseni. Analibeba kwa mbele, si kichwani. Ni mimi niliyemwambia alibebe hivyo, maana tumbo lilikuwa limeanza kuonekana."

"Tumbo gani?" binti akauliza.

"Lako."

Wakaingia. Binti akamkalisha mama mdogo kulia kwake, kisha akatazama nyuma. Fundi alikuwa amesimama kwenye njia, hajui aende wapi.

"Unasubiri nini?" akamwambia. "Njoo ukae. Na siku nyingine, jambo linalonihusu unaniambia mchana, kwa mdomo."

"Mchana, kwa mdomo," Fundi akakubali, akakaa kushoto kwake.

Mwishoni msichana akasimama kwenye nyumba isiyo na paa, beseni limemfunika kuanzia kifuani hadi kiunoni. Akatazama kamera moja kwa moja, jambo lisiloruhusiwa, akashindwa kujizuia, akacheka. Mama Mkaidi hakuikata sehemu hiyo. Kicheko kikajaa ukumbi, na mama mdogo akakijibu kwa kicheko kilekile, machozi yakimtiririka.

Binti akaweka mkono mmoja kwenye kiganja cha mama mdogo, mwingine kwenye kiganja cha Fundi. Hakuna aliyeinuka mpaka pazia likawa jeupe kabisa.

Nje jua lilikuwa bado kali. Mama mdogo akafuta uso, akamtazama Fundi kuanzia viatu hadi nywele.

"Kijana, nyumbani kwetu unakuja lini?"

"Hata kesho, mama."

"Njoo kesho," binti akasema, akauacha mkono wake ndani ya mkono wa Fundi.