Chupa Kwenye Kabati la Edna

Kila Jumamosi alasiri nyumba ya Edna Hindle, katika mtaa wa viwandani hapo Bolton, ilijaa watu. Walikuja kunywa chai, kula keki na kuwasema wasiokuwepo. Siku hiyo asiyekuwepo alikuwa Daktari Hester, mama mstaafu wa nyumba ya tatu.

"Daktari gani yule?" alisema Mavis, dada yake Edna. "Nimemwonyesha kidonda cha mguu, akaniambia niende hospitali!"

"Yule ni mkemia," Edna alimjibu. "Kasomea sumu na rangi, hakusomea miguu yako."

Wakacheka. Mara mlango ukagongwa. Daktari Hester mwenyewe! Wote wakaanza kuisifia keki.

"Karibu, Daktari," alisema Edna. "Kwa joto hili chai haipiti. Ngoja nikupe soda."

Akatoa kabatini chupa ya soda nyeusi, imefika nusu. Akammiminia mgeni, akammiminia na Mavis.

Hester hakunywa. Aliiweka glasi mbali na uso, akapunga mkono juu yake ili harufu imjie kidogo kidogo.

Edna alikasirika. "Unanusa nini? Kwangu hakuna uchafu, Daktari!"

"Mavis, weka glasi chini," alisema Hester. "Hii si soda."

Wilf, mume wa Edna, alikuwa mlangoni anavua viatu. Alipoiona chupa alishtuka.

"Mungu wangu! Hiyo ni dawa ya kuua magugu. Harold, jirani yangu wa shambani, kanigawia asubuhi. Nikaiweka hapo mara moja, nikasahau."

Wenye vishamba vya nyuma ya reli, Wilf akiwamo, walikuwa na desturi yao. Mmoja hununua kopo kubwa la dawa, wengine huja na chupa zao kugawiwa.

"Umeonja?" Hester alimwuliza Mavis.

"Hata tone, haki ya Mungu. Nilikuwa bado naongea."

"Basi leo mdomo wako umekuokoa," alisema Edna, akaiondoa glasi mbele yake. Hakuna aliyecheka.

"Ungeonja, tungekukimbiza hospitali sasa hivi, na kopo la dawa mkononi, waone jina lake," alisema Hester. "Hatungojei mtu aumwe. Sumu nyingine huchelewa kujionyesha."

"Wewe ulijuaje?" aliuliza Wilf.

Hester akaketi. Baba yake alikuwa mfumaji, alisema, lakini yeye mwenyewe akapata nafasi ya kusoma chuo kikuu, Manchester. Kisha alifanya kazi miaka thelathini na moja katika kiwanda cha rangi za nguo, akizitengeneza kutokana na lami ya makaa ya mawe.

"Sisi wakemia tulikuwa tunachemshia chai kwenye vyombo vya maabara. Sote, hata wakubwa. Mwaka wangu wa pili, rafiki yangu Lilian akashika bilauri, akadhani ni chai yake iliyopoa, akanywa. Tulimzika wiki hiyohiyo. Tangu hapo sinywi kitu kabla ya kukinusa. Nilipopewa maabara yangu, nikapiga marufuku chai humo ndani. Waliniita askari jela. Lakini sikuzika mwingine."

Edna akaishika chupa. "Nitaisuuza niirudishe dukani."

"Usithubutu! Chupa iliyotiwa sumu haitiwi tena kinywaji, hata uioshe mara kumi."

"Na mimi nifanyeje?" aliuliza Wilf.

"Dawa ibaki kwenye kopo lake, lenye jina lake. Ifungiwe kwa kufuli hukohuko shambani. Na hiyo ya chupani usiimwage mtaroni. Waachie watu wa halmashauri."

Kesho yake Wilf alizunguka vishamba vyote, akasimulia aibu yake bila kuificha.

"Siku hizi unatawaliwa na wanawake wawili, mkeo na yule Daktari?" mmoja alimtania.

"Ndiyo. Na nyumbani kwangu wote wako hai."

Wakanunua sanduku la chuma na kufuli. Chupa zote za soda zilizotiwa dawa zikapangwa kando ya ukuta kungoja gari la halmashauri. Zilikuwa kumi na moja. Ya mwisho aliileta mke wa Harold, ameizungushia kitambaa. Aliikuta jikoni, kando ya maziwa ya wajukuu.